Tope la Kangema, fahari ya Solihull

Ukitaka kujua nani ana pesa katika kaunti ya Murang'a, usihangaike na benki. Nenda mazishini Kangema siku ya Jumamosi. Viti vya plastiki vikishajaa na mwelekezi wa ibada akishashika kipaza sauti, magari ya Nairobi huanza kuwasili, na kila moja hujua mahali pake. Probox na matatu za kukodi huachwa barabarani. Prado huingia hadi langoni. Range Rover, iwe nyeusi au nyeupe, hupenyezwa hadi ubavuni mwa hema kana kwamba nayo imetengewa kiti. Vijana wa bodaboda huacha kusikiliza wasifu wa marehemu, wakaanza kubishana kwa sauti ya chini: hiyo ni ya mwaka gani, injini yake ni lita ngapi, mwenyewe amelipa ushuru kiasi gani.

Ubishi huo ni mtamu, ila hukosa nusu ya habari. Kampuni inayounda Range Rover si mgeni Kangema. Ilifika huku kabla ya lami, kabla ya stima, kabla ya wakulima wa miinuko hii kuruhusiwa kupanda chai, na haikuja kwa mazishi ya matajiri. Nionavyo mimi, anasa inayouzwa leo kwa mamilioni ya shilingi haikubuniwa katika majumba ya mabwanyenye wa London. Ilichumwa matopeni, kwenye barabara za nchi kama yetu, na waliobeba mzigo wa kuijenga sifa yake si hao wanaokalia viti vya ngozi.

Jina la Rover lilianza na baiskeli. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, John Kemp Starley aliunda baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, umbo lile lile la baiskeli zinazobeba makopo ya maziwa vijijini hadi leo. Magari yalifuata mwaka 1904. Kufikia miaka ya 1930 kampuni ilikuwa na wateja wake maalumu: madaktari, mawakili, mameneja wa benki, watu waliotaka gari la heshima lisilopiga kelele. Halikuwa Rolls-Royce, wala halikuwa gari la mtu wa kawaida.

Vita Vikuu vya Pili vikavuruga kila kitu. Coventry ilipigwa mabomu mwaka 1940, na kampuni ikahamia Solihull, karibu na Birmingham, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita. Vita vilipokwisha, Uingereza ilikuwa taabani. Chuma kiligawiwa kwa vibali, na serikali ilitanguliza viwanda vilivyouza bidhaa nje na kuleta fedha za kigeni. Sasa nani huko nje angenunua gari la meneja wa benki wa Kiingereza?

Jibu lilitoka shambani. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover na mdogo wa Spencer Wilks aliyeiongoza kampuni, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya kijeshi iliyosalia baada ya vita. Jeep hiyo ilikuwa imechoka, na hapakuwa na gari la Kiingereza la kushika nafasi yake. Mwaka 1947 ndugu hao wakaamua kuliunda wenyewe. La kwanza la majaribio liliwekwa juu ya fremu ya Jeep, usukani ukiwa katikati kama wa trekta. Chuma kikiwa adimu, bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Rangi ya kijani ilikuwa masalio ya ndege za jeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, bei yake pauni 450, na mwanzoni hata milango na paa vililipiwa kando.

Rover walidhani watauza gari hilo kwa miaka miwili mitatu, mambo yakitengemaa warudie magari yao ya heshima. Kibarua aliyeajiriwa kwa msimu mmoja akaishia kurithi shamba. Haukupita muda mrefu, Land Rover zilizotoka Solihull zilikuwa nyingi kuliko magari ya mameneja wa benki, na sehemu kubwa ilipakiwa melini kupelekwa makoloni.

Kenya ilikuwa soko lililokuwa likingoja. Walowezi walikuwa na mashamba, idara ya wanyama ilikuwa na mbuga, misheni zilikuwa na makanisa ya mbali, na barabara zilikuwa zile tunazozijua. Lakini Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati huo, gari hili liliingia katika kumbukumbu za watu kwa mlango mwingine. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kuuzima uasi wa wapigania uhuru. Kwa mtawala anayemsaka mpiganaji, Kangema ni mahali pagumu. Nyuma kuna msitu wa Nyandarua. Mbele kuna migongo ya ardhi iliyokatwakatwa na vijito, na udongo mwekundu ambao mvua ya Aprili ikiushika, hata mbuzi hupanda kwa tahadhari. Jenerali Kago, kamanda wa wapiganaji hao, alizunguka katika wilaya hii akivisumbua vikosi vya serikali hadi alipouawa mwaka 1954. Kumfuata mtu kama huyo kulihitaji gari la kukwea utelezi, kuvuka kijito kisicho na daraja na kubeba askari nyuma na bunduki zao.

Gari hilo lilikuwepo, na serikali ya kikoloni ililitumia bila kulionea huruma. Afisa wa tarafa alifika kwa Land Rover. Homugadi, askari wa kienyeji wa serikali, au ngati kama wenyeji walivyowaita, walidandia nyuma yake. Waliokamatwa walirushwa humo humo. Kwa waliokua miaka hiyo, gari hili lilifahamika kwa masikio kabla ya macho: injini ikisikika ng'ambo ya bonde ikikwea kwa gia ndogo, mtu alibaki na dakika chache za kuamua atulie au akimbilie migombani. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 familia ziliondolewa kwenye mashamba yao zikasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Kote katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliohamishwa hivyo walizidi milioni moja. Barabara nyingi zilizopitisha magari hayo zilichimbwa na wanavijiji, wengi wao kina mama, kwa majembe yao, katika kazi ya lazima isiyo na malipo. Kwa hiyo anayesema Land Rover ndiyo iliyozishinda barabara za Murang'a aongeze kidogo: kuna mikono iliyoitengenezea njia.

Sisemi wahandisi wa Solihull ndio waliotunga sera ile. Waliuza gari, na mnunuzi akawa serikali. Lakini si haki kuisimulia chapa hii kwa picha za simba Elsa, aliyelelewa na kina Adamson, akiota jua juu ya paa la Land Rover yao, tukaishia hapo. Picha hizo zilizunguka dunia. Filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966, ilipigwa upande huu huu wa Mlima Kenya, karibu na Naro Moru. Kutoka Naro Moru hadi Kangema ni mwendo wa saa chache tu, na magari yalikuwa ya ukoo mmoja. Ila wanaoyakumbuka kwa mapenzi na wanaoyakumbuka kwa hofu ni watu tofauti, na kampuni imeweka kundi la kwanza tu katika matangazo yake.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, Land Rover ilibadilisha dereva, basi. Afisa wa tarafa mpya, Mwafrika, aliketi pale pale alipoketi Mzungu. Polisi walibaki nayo. Bwana shamba aliyewafundisha watu kupogoa kahawa alikuja nayo, na daktari wa mifugo pia, kwa hiyo taratibu gari likaanza kuleta hata habari njema. Waliokuwa wakitengeneza chang'aa mabondeni hawakuona tofauti yoyote kati ya gari la Malkia na gari la Jamhuri.

Kilele cha uhusiano wa Kenya na kampuni hii kilikuwa Thika, mji ambao kila msafiri wa Kangema huupita akielekea Nairobi. Mwaka 1974 iliundwa Leyland Kenya, kampuni ya ubia kati ya serikali na British Leyland ya Uingereza, ambayo kufikia wakati huo ndiyo iliyokuwa ikimiliki Rover. Vipande vililetwa kwa makasha kutoka Uingereza na kuunganishwa na mafundi Wakenya. Land Rover iliyotoka hapo haikuwa na tofauti kubwa na ile ya Solihull, isipokuwa mikono iliyokaza nati zake. Mwaka 1989 kampuni ilibadilishwa jina ikawa Kenya Vehicle Manufacturers, na kiwanda kipo hadi leo kikiunganisha magari ya chapa nyingine.

Wakati Thika inaanza kukaza nati, huko Uingereza ndugu mwingine alikuwa ameshazaliwa. Tarehe 17 Juni 1970 Rover walizindua Range Rover. Mbuni wake mkuu, Charles Spencer King, alikuwa mpwa wa wale ndugu wawili wa Wilks. Alichotaka kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukiunda: gari linaloweza kulima asubuhi na kukimbia barabara kuu jioni bila kumvunja mtu kiuno. Akaliwekea springi za mviringo badala ya zile za vipande vya chuma vilivyobebanishwa, na injini ya V8 ya alumini iliyotokana na mchoro wa Buick ya Marekani. Bei ilikuwa pauni 1,998. Viti vilikuwa vya plastiki na sakafu ilifunikwa kwa mpira, ili mwenye shamba akirudi na tope aoshe ndani kwa mpira wa maji, kama anavyoosha zizi. Jumba la Louvre mjini Paris liliionyesha kama mfano wa ubunifu wa viwandani.

Hebu fikiria kijana wa leo akielekeza mpira wa maji ndani ya Range Rover ya mwaka huu.

Anasa ilikuja baadaye, tena polepole, kwa sababu British Leyland ilikuwa imezama katika migomo na madeni. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ililazimika kuitaifisha. Gari lililokuwa likitafutwa kote duniani lilikaa miaka kumi na moja kabla ya kuongezwa milango miwili ya nyuma, mwaka 1981. Kisha wakagundua kwamba wanunuzi wenye pesa hawakuwa wakulima. Mazulia yakaingia, mbao zikaingia, ngozi ikaingia, na mwaka 1987 gari likapelekwa kuuzwa Marekani kama gari la fahari. King mwenyewe hakufurahi. Alipokuwa mzee alisema waziwazi kwamba hakuwa amelikusudia kuwa gari la kujionyesha mjini. Alifariki mwaka 2010 kutokana na majeraha aliyoyapata alipogongana na gari akiwa juu ya baiskeli.

Wakati kampuni inawatafuta matajiri wa California, ilikuwa ikiwapoteza watu wa milimani. Sababu si siri kwa fundi yeyote wa hapa. Shafti za nyuma za Land Rover ya zamani zilikatika gari likilemewa. Bodi ya alumini ilikaa miaka mingi ikiwa safi huku fremu ya chuma chini yake ikiliwa na kutu kimyakimya. Spea zilichelewa na bei yake ilipanda. Toyota walikuwa na Land Cruiser, isiyokuwa na historia yoyote ya kusimulia ila iliwaka kila asubuhi. Na kabla ya hapo lilikuwa limekuja jambo ambalo nadhani ndilo lililoamua: baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa, na mwaka 1976 na 1977 wakulima wa Murang'a wakashika pesa ambazo hawakuwa wamewahi kuziota. Kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini angeweza kununua gari bila kuwa chifu. Wengi hawakununua Land Rover. Walinunua pikapu za Peugeot na Datsun, ambazo zilikuwa nafuu, zilibeba magunia na abiria, na hazikumkumbusha mtu kituo cha polisi.

Hapo ndipo biashara ya matatu ilipopata nguvu, na hapo Kangema ina mchango wake mwenyewe. John Michuki, mbunge wa hapa kwa miaka mingi, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alizibana matatu zote za nchi kuanzia Februari 2004: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Kwa maisha ya abiria wa kawaida, kanuni zile zilikuwa na uzito kuliko gari lolote lililowahi kutoka Solihull. Nalisema hilo nikijua kwamba nusu ya kanuni hizo imeshasahauliwa.

Serikali nayo ilikuja kuihama Land Rover. Mwaka 2013 ilipoanza mpango wa kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua, Land Cruiser ndizo zilizojaa kwenye msafara wa uzinduzi. Tanzania mambo ni ya kuchekesha zaidi: huko pikapu ya polisi bado huitwa Difenda, kwa jina la Land Rover aina ya Defender, hata ikiwa ni Toyota mpya. Na wapenzi wa gari hili hawajaisha. Oktoba 2024 walifurika jijini Arusha kwa tamasha la Land Rover, magari ya kila umri yakiwa yamepanga foleni mjini.

Kampuni yenyewe ilipitia mikono mingi kwa muda mfupi. British Aerospace waliinunua mwaka 1988, BMW ya Ujerumani mwaka 1994, Ford ya Marekani mwaka 2000. Mwaka 2008 Tata ya India ikaichukua pamoja na Jaguar kwa dola bilioni 2.3. Kwa sisi tuliokulia karibu na maduka ya Wahindi mjini Murang'a, kuna raha fulani katika habari hiyo: koloni la zamani limemnunua bwana wake wa zamani, tena akiwa mgonjwa, likamtibu akapona. Chini ya Tata, Range Rover ilizaa Evoque mwaka 2011 na Velar mwaka 2017, na gari kubwa lenyewe sasa huuzwa Uingereza kwa bei inayozidi pauni 100,000.

Land Rover ya wakulima iliacha kuundwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya miaka 68 na magari zaidi ya milioni mbili. Tangu mwaka 1990 ilikuwa ikiitwa Defender. Jina hilo lilirudi mwaka 2019 kwenye gari jipya kabisa, linalounganishwa Nitra, nchini Slovakia. Ni gari zuri, na linapanda mlima kweli. Lakini mkulima wa chai wa Kanyenya-ini hawezi kulinunua, wala halikuundwa kwa ajili yake. Majani yake hubebwa na lori la kiwanda, mbolea yake huja kwa Canter, na mtoto wake akiugua usiku huitwa bodaboda.

Wanaotaka kuona anasa ya Kiingereza ya aina nyingine waende Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Humo imo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Gari lile lilizaliwa la fahari na likastaafu la fahari. Halikuwahi kumdai mtu ushahidi wa nguvu zake. Range Rover ni kisa tofauti. Tazama matangazo yake: bado inavuka mito, bado inakwea miamba, bado imepakwa tope kwenye milango. Wenye kampuni wanajua kwamba bila tope hilo wangebaki na gari kubwa la kifahari kama mengine. Tope ndilo linalouzwa, na tope hilo lilikuwa letu.

Simlaumu anayelinunua. Pesa ni zake, na mazishini kila mtu huja na alichonacho. Ninalolalamikia ni kwamba tumeacha upande wetu wa historia hii uoze. Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu mwaka 1970, ambapo magari ya zamani hung'arishwa na kupewa alama. Huku milimani, Land Rover kuukuu zimelala nyuma ya maghala ya kahawa na chini ya miparachichi, kuku wakitagia kwenye viti, hadi siku mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita na mizani yake. Alumini ina bei, na mwenye shida hakatai.

Kabla hujampa mnunuzi huyo, ewe msomaji mwenye guka, yaani babu, aliyeacha gari la namna hiyo uani, fanya mambo mawili. Kwanza mwulize guka, au kama hayupo, aliyebaki aliyemjua, gari lilitoka wapi, nani aliliendesha, lilibeba nini, na uandike majibu. Pili, futa vumbi kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa ndani ya gari na kwenye fremu yenyewe, utafute nambari ya chesisi, uinakili. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon huhifadhi kumbukumbu za kiwanda, na kwa nambari hiyo na ada yao hutoa cheti cha asili ya gari. Huko Ulaya wapo wanaolipa fedha nyingi kwa Land Rover ya miaka ya 1950, hata ikiwa haiwaki. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataihesabu kwa kilo.